Niliitwa Daktari Nikisomea Nzi

Sogea karibu, ndugu msomaji, na kama una kikombe cha chai mkononi kiweke chini kwanza, isije ikakupalia. Nimekosa. Sikurogwa, sikulazimishwa, wala sitakudanganya kwamba sikujua. Nilijua! Nilijua tangu wiki ya kwanza, nikanyamaza miaka minne, na kunyamaza kwangu kumemgharimu shangazi yangu vidole vitatu vya mguu.

Jina langu halitakusaidia. Jua tu kwamba mimi ni mtoto wa Garissa, mama yangu anauza nguo sokoni, na marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Tarbaj, kule Wajir, ambako dada yake bado anafuga mbuzi. Huyo dada ndiye shangazi ninayemsema. Sisi Wasomali humwita shangazi wa upande wa baba eeddo, na yeye naye hukuita eeddo vilevile, kana kwamba mmegawana jina moja. Likizo zote za shule nilikulia mikononi mwake.

Nilipomaliza kidato cha nne nilifaulu vizuri. Nikapata barua ya kwenda kusomea udaktari katika chuo kikuu cha serikali, hapahapa Kenya. Miaka sita. Barua ilikuwa mkononi mwangu, msomaji! Niliishika kwa vidole hivihivi vinavyoandika.

Kisha akaja wakala.

Alikodi ukumbi wa hoteli mjini, akatundika bango la vijana wanaocheka mbele ya jengo la vioo, akavaa suti na tai katika joto la Garissa la mwezi wa pili. Mtu anayevaa tai katika joto lile ama ana jambo kubwa ama ana jambo la kuficha. Sisi tuliamini ana jambo kubwa.

“Kanada,” alisema, “ni miaka minne tu.”

Nilikuwa nimeketi na Abti Bare, mjomba wangu, kaka ya mama. Abti ni dalali wa mifugo. Ukimletea ngamia humfungua mdomo, humbonyeza nundu, humzungusha mara mbili, halafu hukuambia umri wake, ugonjwa wake na tabia ya mwenye kumuuza. Siku ile alinigeukia, naye huniita abti vilevile, akaniuliza.

“Abti, hapa ni miaka mingapi?”

“Sita.”

“Na kule?”

“Minne.”

“Sasa sita na minne, ipi ndogo?”

Hiyo ndiyo hesabu iliyonipeleka Kanada. Hesabu ya darasa la pili! Mtu anayekagua meno ya kila mnyama hakumfungua wakala mdomo hata mara moja.

Lakini usimlaumu Abti. Yeye hakusoma. Mimi ndiye niliyeshika karatasi, na karatasi ilisema waziwazi: shahada ya sayansi, biolojia. Neno udaktari halikuwapo, wala dawa, wala mgonjwa. Nilimfuata wakala pembeni nikamuuliza kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kusikia jibu.

“Hii biolojia ndiyo udaktari?”

“Kijana, kule hiyo ndiyo njia ya kwenda kwenye udaktari.”

Na unajua nini? Hakudanganya! Ilikuwa njia kweli. Sikuuliza njia hiyo ina urefu gani na mwishoni kuna mlango au ukuta. Kichwani mwangu nilishaiona picha ya uwanja wa ndege, mimi na koti zito na sanduku la magurudumu.

Barua ya chuo cha hapa nikaiacha iishe muda wake. Ngamia wa familia wakauzwa. Jirani yetu Hafsa, tuliyesoma naye tangu shule ya msingi, alikuwa amekosa alama chache za udaktari, akaingia chuo cha tiba papo hapo Garissa kusomea diploma ya afisa wa kliniki. Nilipokutana naye nilimcheka.

“Diploma? Utakuwa mtu wa kupima homa tu.”

“Waryaa, wewe kijana,” akanijibu, “na homa nayo inataka mtu wa kuipima.”

Siku ya kuniaga walichinja mbuzi, wakasoma dua, na kabla sijapanda gari nilikuwa nimeshapewa jina. Hapa nikueleze taratibu kama wewe si mtu wa kwetu. Wasomali hatuna haja na jina ulilopewa na wazazi wako. Jina lako ni lile utakalobandikwa. Mwenye jicho moja ataitwa Jicho, mrefu ataitwa Mrefu, na ukianguka kisimani mara moja tu ukiwa na miaka saba, utazikwa ukiitwa Kisima. Mimi nikaitwa Dakhtar, yaani Daktari. Sikuwa nimewahi hata kumfunga mtu bendeji.

Wiki ya kwanza huko Kanada niliitwa na mama mmoja wa chuo ambaye kazi yake ilikuwa kuwaongoza wanafunzi wapya. Aliniuliza ninataka kuwa nani. Nikamwambia daktari. Akavua miwani polepole.

Alinieleza kwa upole, nami nakueleza wewe kwa upole uleule. Kwetu Kenya kijana huingia udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha nne. Kule haiwi hivyo. Kule unasoma kwanza digrii nyingine miaka minne. Ukiimaliza, unafanya mtihani mgumu, unaomba nafasi katika chuo cha udaktari, na ukibahatika unaanza miaka mingine minne. Halafu yanakuja mafunzo ya hospitalini. Kisha akasema neno ambalo wakala hakulitia kwenye bango: vyuo vingi vya udaktari vya kule huchukua raia na wakaazi wa kudumu. Mwanafunzi mgeni kama mimi milango yake ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na bado vidole vingine ungevikunja.

“Familia yako inalijua hili?” aliniuliza.

“Wanalijua,” nikasema.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na niliusema kwa Kiingereza safi kabisa!

Ningeweza kupiga simu siku ile. Barua ya kwetu ilikuwa imekufa, lakini ningemwambia mama tu, “Hooyo, tumekosea hesabu.” Badala yake nilifungua simu nikakuta ujumbe wa sauti wa mama yangu. Alikuwa akilia kwa furaha. Alisema wanawake wa sokoni sasa humwita Mama Dakhtar, na kwamba yule mwenye duka la pembeni, waliyenuniana naye kwa miaka, amemletea maziwa ya ngamia jagi zima. Nikajiambia nitamweleza kesho. Kesho hiyo nimeingoja miaka minne.

Basi nikasoma biolojia. Unataka kujua nilisoma nini hasa? Nzi! Nzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi iliyoiva. Tuliwafuga kwenye chupa, tukawalaza kwa dawa, tukawageuza kwa brashi chini ya darubini na kuandika nani ana macho mekundu na nani ana macho meupe, ili tujue watoto hurithi nini. Ni elimu nzuri, siidharau. Lakini nimewapima nzi maelfu na sijampima binadamu hata mmoja.

Maabara ilitaka tuvae koti jeupe. Siku ya kwanza nililivaa, nikajipiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia bila neno lolote. Sikusema uongo, sivyo? Nilituma picha tu! Mama akaichapisha ikawa kubwa kama mlango, akaitundika dukani juu ya vitambaa.

Kuanzia hapo kliniki ikafunguka. Asubuhi nikiamka nakuta picha: jino la mtu, upele wa mtoto, ulimi wa Abti uliotolewa wote nje. Binamu kutoka Rhamu alinitumia goti lililovimba, nikahangaika nalo nusu saa nikishangaa manyoya yale, mpaka nilipogundua ni goti la ngamia.

“Dakhtar, amelala chini tangu jana,” binamu alisema.

“Mpe maji na apumzike,” nikajibu.

Ngamia akapona. Sifa zangu zikavuka hadi Mandera.

Nilikuwa natafuta majibu kwenye simu. Naandika dalili, nasoma mistari mitatu ya kwanza, natafsiri kwa Kisomali, namalizia na “inshallah”. Mara nyingi magonjwa ya watu huisha yenyewe, na mara nyingi sifa nilichukua mimi. Mtu akishukuriwa mara mia huanza kuamini. Astaghfirullah, nilianza kuamini!

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo kicheko kinapokauka.

Eeddo ana kisukari. Alikuwa nacho tangu zamani, akinywa vidonge akikumbuka. Mwaka wangu wa mwisho, miezi miwili kabla ya kurudi, alikanyaga mwiba akichunga. Akamwomba kijana wa dukani Tarbaj ampige picha kidole kidogo cha mguu, akanitumia pamoja na ujumbe wa sauti.

“Eeddo, angalia hiki kidonda. Hakiumi hata kidogo, lakini hakikauki.”

Nikasikia neno moja tu: hakiumi. Nikafurahi! Kama hakiumi, nikawaza, si kitu kikubwa.

“Eeddo, osha na maji ya chumvi ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Kitapona inshallah.”

Lo! Ndugu msomaji, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi angenizaba kofi. Mtu wa kisukari, kidonda cha mguu kisichouma ndicho cha kuogopa zaidi. Sukari imekwishaua hisia za mguu, ndiyo maana hasikii maumivu, na mguu unaoza bila kumwambia mwenyewe. Kwa Eeddo, kule kutouma ndiko kulikuwa kengele ya hatari. Mimi nikamwambia alale.

Wiki mbili baadaye alikwenda zahanati kuchukua vidonge vyake. Muuguzi aliona mguu akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya Wajir siku ileile. Eeddo akaikunja barua akaitia kwenye mkoba.

“Mwanangu,” alimwambia muuguzi, “mimi daktari wangu yuko Kanada, na amesema chumvi.”

Alinisimulia haya mwenyewe kwa simu akicheka, akidhani ananifurahisha. Wewe ungefanya nini? Ungemwambia aende! Ingetosha dakika moja. Lakini kumwambia aende ilikuwa kukiri kwamba muuguzi wa zahanati anajua kuliko mimi. Nikasema, “Nakuja karibuni, eeddo, nitakiangalia mwenyewe.” Naye akaamua kunisubiri.

Wakati uleule nilikuwa nikiviandikia vyuo vya udaktari vya kule, vile vichache. Majibu yalikuwa mafupi na ya heshima. Kimoja hakikuuliza alama wala ndoto yangu, kiliuliza uraia. Nikafunga sanduku nikarudi na digrii yangu ya nzi.

Garissa walinipokea kwa magari. Abti alinishika mkono akaupandisha juu kama bondia aliyeshinda. Nyumbani nikakuta viti vimepangwa ukutani na watu wamekaa kwa foleni, kila mmoja na bahasha yake ya picha za mifupa. Mama alikuwa ameandaa hadi meza.

Eeddo alikuwa kwenye mkeka, ameletwa kutoka Tarbaj siku moja kabla. Mguu ulikuwa umefungwa kitambaa cha kijani. Kabla sijainama nilisikia harufu. Wakati wa kudanganya uliishia hapo, maana pua haitaki digrii. Nilifungua kitambaa. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi.

“Umeona?” aliniuliza. “Niliwaambia nitakungoja wewe.”

Nilimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Wale wa foleni waliona ndiyo haraka ya madaktari wakubwa, wakanisifu!

Hospitalini, aliyetupokea alikuwa Hafsa. Ndiyo, huyohuyo wa diploma, amevaa koti lake lenye jina kifuani, anaandika, anaagiza damu ipimwe, anamtundikia Eeddo maji. Alimwita daktari wa upasuaji, mtu mmoja mpole kutoka Kisii, ambaye aliutazama mguu kwa muda kisha akamtazama Eeddo.

“Mama, wiki zote hizi ulikuwa unautibu na nini?”

“Maji ya chumvi,” Eeddo akasema kwa Kiswahili chake.

“Nani alikuambia?”

Eeddo akaninyooshea kidole, na alikuwa anatabasamu. “Hii kijana yangu. Yeye dakhtari. Nasoma Kanada miaka nne.” Akamgeukia Hafsa. “Wewe nafanya kazi mzuri, lakini yeye mkubwa.”

Daktari akanipa mkono. “Karibu, mwenzangu. Umebobea kwenye nini?”

Hafsa akainamia faili lake. Angeweza kunimaliza kwa neno moja, maana ile chumvi ilishamwonyesha kwamba mimi si daktari, na hakusema.

“Nzi,” nikasema.

“Samahani?”

“Nilisomea biolojia. Mimi si daktari. Sijawahi kuwa.”

Daktari alirudisha mkono wake polepole. Eeddo hakuwa amefuata Kiswahili chetu, akamuuliza Hafsa kwa Kisomali, “Anasema nini?”

“Muulize mwenyewe, eeddo,” Hafsa akajibu.

Ikabidi niseme kwa lugha yetu. Nimewahi kusimama mbele ya maprofesa watano nikajieleza, lakini maneno mazito kama yale sijawahi kuyabeba.

“Eeddo, mimi si daktari.”

“Hujapewa kazi bado?”

“Hapana. Sikusomea udaktari.”

Akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa tu:

“Sasa ile chumvi uliitoa wapi?”

“Kwenye simu.”

“Simu,” akasema, “hata mimi ninayo.”

Akageuza uso ukutani.

Walivikata vile vidole vitatu siku iliyofuata. Daktari alinieleza kwamba kama angekuja siku ile muuguzi alipoandika barua, huenda dawa na kusafishwa kidonda vingetosha. Alisema “huenda”, kwa sababu yeye ni daktari wa kweli na madaktari wa kweli husema huenda. Mimi katika miaka yangu minne sikuwahi kulitumia neno hilo.

Sasa Eeddo hutembea kwa fimbo, na mbuzi wake huchungwa na watu wengine. Kwa mwanamke aliyezunguka nyika yote ya Tarbaj kwa miguu yake, hiyo si hasara ndogo. Nilipokwenda kumwomba msamaha mbele ya wazee alisema, “Nimekusamehe. Lakini usinitumie tena ujumbe wa sauti.” Mama aliishusha ile picha dukani bila kuniambia. Ukutani kumebaki mraba msafi kuliko rangi nyingine, na wateja huuliza palikuwa na nini. Na mji, ambao haukawii, umeshanipa jina jipya: Cusbo, yaani Chumvi. Gazeti hili ninaloliandikia linaweza kulificha jina langu litakavyo, lakini Garissa ikisoma mpaka hapa itakuwa imekwishanijua!

Nilijaribu udaktari wa hapa nyumbani. Nikaambiwa digrii yangu hainiondolei hata mwaka mmoja, nitaanza mwanzo kama mtoto wa kidato cha nne. Basi nimeanza mwanzo, tena chini zaidi, maana ngamia wa kulipia miaka sita hawapo tena. Niko mwaka wa kwanza wa diploma katika chuo kile nilichokicheka, na darasani vijana wa miaka kumi na minane hunisogezea kiti kwa heshima ya umri. Tukipelekwa wodini, anayetufundisha kupima homa ni Hafsa. Namwita Madam. Juzi nilikosea, akanirudisha mara tatu mpaka nikapatia, na wallahi, sijawahi kufurahia alama yoyote ya Kanada kama nilivyofurahia nyuzi zile za joto.

Kwa hiyo, kijana wangu, usidhani nakukataza kwenda nje. Nenda! Wapo waliofuata njia ileile niliyofuata mimi, wakaujua urefu wake tangu mwanzo, wakafika. Lakini kabla ya kutia sahihi, acha bango la wakala, kiandikie chuo chenyewe uulize mambo matatu: nikimaliza hapa nitakuwa nani, mgeni kama mimi anakubaliwa kwenye chuo cha udaktari, na wanaosajili madaktari nyumbani kwetu wataitambua karatasi hii? Pata majibu kwa maandishi, uwasomee wazazi wako kwa lugha wanayoielewa. Na kama umekwishakwenda na umekwishakosea kama mimi, bado hujachelewa. Waambie leo. Aibu yake ni ya wiki moja. Mimi yangu niliiahirisha, ikaja ikadai mguu wa mtu mwingine.

Na wewe ambaye huendi popote, kuna kazi yako pia. Ikiwa nyumbani kwako kuna mtu mwenye kisukari, kesho asubuhi mvue viatu, mtazame nyayo na katikati ya vidole. Ukiona kidonda, hata kama hakiumi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.